Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Habari ya kifo cha Mama Veneranda ilinikuta Mubambiro, karibu na Sake, nimekaa juu ya jiwe jeusi la volkano, kiatu kimoja mguuni na kingine mikononi mwa fundi. Dereva wa lori la maharagi, kijana nisiyemjua, alisimamisha gari na kuuliza kwa sauti kama kuna mzee anayeitwa Papa Kashebere. Nikainua mkono. "Furaha wa kule Lushebere anasema mama yake aliisha kwenda," akaniambia kutoka dirishani. "Anasema kama bado uko na miguu, kuya." Nilimnyang'anya fundi kiatu kabla hajamaliza kukishona, nikapanda, na njia nzima kutoka Sake, tukiparamia milima, soli ile ilifungua mdomo kila nilipokanyaga. Dereva aliniona nikijifuta macho akapunguza redio. Kweli nililia kidogo, lakini zaidi nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimekumbuka siku nilipomwambia Mama Veneranda, mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa mlima ule, kwamba amekuwa mfupi.

Kashebere si jina langu. Ni kijiji kule Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, wanakokutana wachuuzi wa mawese na wachuuzi wa maharagi, na ndiko nilikotokea siku nilipofika Lushebere kwa Papa Gaspari, mume wa Mama Veneranda, miaka minne au mitano kabla ya Independansi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, mwaka wa nne. Mwalimu alichoka na maswali yangu, nami nikachoka na majibu yake. Tangu hapo nilikuwa nimepasua mbao, nimevunja mawe ya barabara, nimebeba mawese mgongoni siku nzima-nzima, na kila kazi niliiacha mara tu nilipoielewa. Siku ile nilikuwa nimetua mzigo wa mtu sokoni. Mvua ikanishika njiani, nikajibanza chini ya upenu wa nyumba ya matofali iliyosimama peke yake kwenye mteremko. Mwenye nyumba akatoka. Alikuwa katekista, mtu mpole, mwenye tabia ya kushika kofia yake kwa mikono miwili kila anapozungumza, hata na kijana asiye na viatu. Hakuuliza jina langu. Aliuliza natoka wapi. "Kashebere," nikamjibu. "Basi ingia, Kashebere, moto iko." Nilikusudia kukaa mpaka mvua ikatike. Nilikaa karibu mwaka mzima, na kwangu mimi huo ulikuwa umri.

Ilikuwa nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma kwenye mlima ule. Papa Gaspari aliijenga mwenyewe, polepole, tanuru moja ya matofali kwa mwaka, kwa ajili ya mke wake wa kwanza, Mama Régine, aliyekuwa na mguu mbovu na asiyeweza kuishi mahali penye kupanda na kushuka. Huko milimani hakuna uwanja. Anayetaka kujenga huukata mlima, akapata kama ngazi moja pana, nyumba ikakaa juu ya ngazi hiyo, uso wake ukitazama bonde na mgongo ukitazama mteremko. Mbele kulikuwa na chumba cha wageni chenye meza na viti vinne. Jiko lilikuwa kando. Nyuma, upande wa mlima, kulikuwa na chumba cha kulala chenye dirisha moja dogo la ubao, na ubao huo ulifungwa daima kwa sababu ya kuku. Mimi nililala jikoni na nilikula jikoni, na mpaka leo nikisikia harufu ya mateke, yale magimbi, yanayochemka na maharagi namuona Mama Veneranda amechuchumaa mbele ya chungu, akinipakulia wa kwanza. "Mupe muntu wa pori mbele," alikuwa akimwambia mume wake. "Bale banakula kama banafukuzwa na nyama ya pori." Kisha alinichekea, akaniongezea maziwa ya kuganda ili nisikasirike.

Blanketi alilonipa usiku wa kwanza lilinuka gunia lililosahauliwa mvuani. Nilijifunika, mgeni hachagui. Lakini siku chache baadaye Papa Gaspari aliniomba nimsaidie kusogeza kitanda cha chumba cha nyuma, ndipo nikauona ukuta. Kutoka sakafuni mpaka usawa wa nyonga chokaa ilikuwa imevimba na kumenyuka, na juu ya matofali kulikuwa na unga mweupe kama chumvi. Ukiweka kiganja, kilirudi kimelowa. Sanduku la nguo lilikuwa limehamishiwa katikati ya chumba, na kitabu cha sala cha Papa Gaspari kilikuwa kimegandana kurasa, hawezi kukifungua pale anapotaka, anasali pale kinapokubali kufunguka. Mtoto wao, Furaha, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alikohoa katika chumba kile kama mzee mvuta kiko. Nikauliza ukuta ulianza lini kufanya hivyo. Papa Gaspari akashika kofia yake. "Miaka mbili, tatu," akasema, akatazama pembeni.

Jibu kamili nililipata bila kuuliza. Nilikuwa napasua kuni kando ya jiko wakati Pelajia, dada mkubwa wa Papa Gaspari, alipokuja kumtembelea mdogo wake. Pelajia alikuwa mwanamke mnene, mchapakazi, mwenye sauti isiyojua kunong'ona, na wakaaji wa ng'ambo ya bonde walijua habari zake zote. "Régine alikuwa anakaa hapa miaka saba," nikamsikia, "na ile chumba ilikuwa kavu. Régine amekufa, huyu ameingia, ukuta ikaanza kulia. Nani analia mule ndani, Gaspari? Niambie."

"Labda manjanja inavuja, dada," mdogo wake akajibu. Manjanja ndiyo mabati, huku kwetu.

"Manjanja! Maji ya mvua inatoka juu. Hii inatoka chini, pale wafu banalala. Uko na macho, angalia!"

Nilisimamisha shoka. Mambo mawili yaliniingia wakati mmoja. La kwanza lilikuwa hatari: Pelajia aliendelea kusema kwamba maharagi yakishavunwa ukoo utakaa, na kama ukuta bado unalia, Veneranda atarudishwa kwao, na Furaha, mtoto wa ukoo, atabaki akalelewa kwake Pelajia. La pili ndilo lililonizuia kulala. Mwanamke huyo aliyemchukia Veneranda alikuwa ameutazama ukuta vizuri kuliko sisi sote. Maji yalikuwa yanatoka chini. Hiyo ilikuwa kweli, na kweli iliyosemwa na mdomo mchungu bado ilinisumbua kama swali ambalo mwalimu wangu angelikataa.

Hata hivyo nilianza na mabati, kwa kuwa ndivyo kila mtu alivyotaka. Nilipanda juu, nikapita msumari kwa msumari, Mama Veneranda akinipa maji kwa ndoo nimwagie huku Papa Gaspari amesimama ndani ameinua uso. Halikudondoka tone. Nikaomba kipande cha mkaa. Kila asubuhi nilichora mstari kwenye ukuta pale unyevu ulipoishia, kama nilivyoona watu wa barabara wakichora kimo cha mto kwenye nguzo ya daraja. Baada ya wiki tatu ukuta ulikuwa na mistari kama daftari, nami nikajua kitu: siku ya mvua mstari haukusogea. Ulipanda siku ya pili yake, wakati mwingine ya tatu, jua likiwa limeshawaka. Mvua ilipita kwanza mahali fulani ikapumzika, ndipo ikaingia. Nilimweleza Mama Veneranda haya yote tukimenya mateke, akanisikiliza huku kisu kikitembea. "Na inapumuzikia wapi, ile maji?" akauliza. Sikujua. "Basi endelea kuchora," akasema, "lakini usichore mpaka juu, Kashebere. Ikifika ku dirisha miye niko kwetu."

Alisema akicheka, lakini mateke aliyomenya siku ile aliyamenya mpaka yakabaki nusu.

Nilifanya kosa ambalo naliona haya hata sasa. Nilipata saruji kidogo kutoka kwa mtu aliyekuwa anajenga karibu na soko, nikaukandika ukuta kwa ndani, nikaulainisha mpaka ukang'aa, Papa Gaspari akanipa mkono kama mtu mzima. Siku kumi ukuta ulikaa kimya. Kisha unyevu ukatokea juu ya saruji yangu, kimo cha kidole kimoja kupita mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeyazibia maji mlango nayo yakapanda ngazi. Pelajia aliposikia alikuja kuona kwa macho yake, akasimama katikati ya chumba, akashika kiuno. "Muntu wa pori amemufunika maiti mudomo," akasema, "sasa analilia mu macho." Watu wa mlima walirudia maneno hayo kwa wiki nzima, wengine mbele yangu. Ningeweza kuondoka. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini maharagi nyuma ya nyumba yalikuwa yameanza kunyauka majani, na mavuno yalikuwa karibu.

Shamba lile la nyuma lilikuwa fahari ya Mama Veneranda. Wakati wa Régine, kwa sababu ya mguu, mteremko ule ulikuwa majani tu na mbuzi wawili wamefungwa. Veneranda alipoolewa aliona udongo mweusi umelala bure mgongoni mwa nyumba, akaushambulia. Alilima misimu yote miwili ya mwaka, mahindi, maharagi, mateke, kutoka ukutani kabisa mpaka juu kwenye njia ya mbuzi, na hakuna mwanamke wa mlima ule aliyemkuta bado amelala. Mimi nilipenda kumtazama akilima, kwa kuwa kwetu porini hatulimi hivyo. Sisi tunakata miti, tunachoma, tunapanda kati ya magogo, udongo hatuugeuzi. Wanawake wa milimani wanasimama chini, wanaelekeza uso mlimani, wanainua jembe na kulivuta kwao. Mtu akilima akitazama bonde ataanguka kwa kichwa. Kwa hiyo wote wanavuta, wanapanda hatua moja, wanavuta tena. Nilitazama hayo miezi mingi. Nilikuwa nachora mistari ndani ya chumba, na nje nilikuwa natazama tu.

Ilikuwa siku ya Ijumaa, siku mbili kabla ya ukoo kukaa. Mama Veneranda alitaka kutoa godoro la majani likaanikwe, na kwa kuwa lilikuwa zito kwa maji, tukaona tulipitishe dirishani badala ya kulizungusha nyumba nzima. Alifungua ubao kutoka ndani. Mimi nilizunguka nyuma, na nilipokuwa namngoja afungue kamba za kitanda, nikakaa. Nilikaa juu ya kizingiti cha dirisha, kama mtu anavyokaa juu ya kigoda, nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjwa vizuri. Nilipoisikia sauti yake nikasimama na kugeuka, na kichwa chake kilikuwa usawa wa mkanda wangu.

"Mama," nikamwuliza, "juu ya nini umekuwa mufupi?"

"Ni weye umekuwa mukubwa juu unakula sana. Shika godoro."

"Hapana, Mama. Simama vizuri."

"Nimesimama! Unafikiri nimepiga magoti mbele yako?" Na akaweka mkono kwenye kizingiti, nacho kilimfika kifuani, mwanamke mrefu vile. Kizingiti nilichokuwa nimekikalia.

Sikulishika godoro. Niling'oa kijiti kimoja cha maharagi, nikapima kutoka kizingitini mpaka kwenye udongo niliokanyaga, nikakata kijiti hapo. Kisha nikampa. "Pima huko ndani. Kutoka dirisha mpaka mustari ya mukaa, ile ya juu." Akainama. Kuku akapita kati ya miguu yangu akaingia dirishani, kando ya mkono wake, naye hakumfukuza. "Inalingana," akasema.

Udongo ulikuwa umepanda nje ya ukuta karibu kimo cha nyonga, na ndani maji yalipanda kimo kilekile. Mvua ilipumzikia shambani. Nikamweleza, kwa haraka na kwa furaha ya mtu aliyepata, jinsi nyumba ilivyokatwa mlimani, jinsi jembe linavyovuta, msimu baada ya msimu, mlima wote ukishuka kiganja kimoja na kuja kuegemea matofali. Nilikuwa naongea kama mpumbavu. Nilipomtazama, Mama Veneranda alikuwa anatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo njo miye," akasema. "Ni miye."

"Ni udongo, Mama."

"Udongo haina miguu, Kashebere. Mbele ya miye kulima hapa, ukuta ilikuwa kavu. Dada Pelajia anasema maji ilikuya na miye. Alisema kweli."

Nilimshauri tunyamaze. Tungeweza kuuchimba udongo ule Jumamosi kimyakimya, tukasema tumeona shimo la panya, tukasema lolote. Lakini sote wawili tulijua ukuta uliokunywa maji miaka mitatu haukauki kwa siku moja, na kesho kutwa wangeingia na kuushika kwa mikono yao. Alifunga ubao wa dirisha. Jioni ile kwenye chakula hakunitania, na alinipakulia wa mwisho. Nilikula nikijua kwamba nimepata nilichokuwa nakitafuta na kwamba huenda ndicho kitakachomfukuza nyumbani. Katika maisha yangu ya kuzunguka nimegundua vitu vingi vidogo, namna ya kunoa msumeno, namna ya kuvuka mto uliofura, lakini kwenye jiko lile ndipo nilipojifunza kwamba kujua hakutoshi. Kuna mtu atakayeishi na kile unachokijua, na ni vizuri kumtazama usoni.

Jumapili baada ya misa walikuja, Pelajia na baba zake wadogo wawili, wakakaa kwenye vile viti vinne na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, katikati. Sikualikwa, nikasimama mlangoni. Walianza mbali, kama kawaida, mvua, bei ya chumvi, mbuzi wa nani amevunjika. Ndipo Pelajia akasema, "Tusizunguke. Tumekuya juu ya ukuta." Papa Gaspari akashika kofia, akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno Mama Veneranda akaingia kutoka jikoni, jembe mkononi.

"Dada anasema maji ilikuya na miye," akasema. "Ni kweli."

Kofia ya Papa Gaspari ilianguka chini. Pelajia alikuwa amekuja tayari kubishana, na hakuna aliyebishana naye.

"Kuyeni muone nililetaka namna gani," akasema Mama Veneranda, akatoka. Tukamfuata mmoja mmoja, tukipita kando ya jiko mpaka nyuma, mahali ambapo nadhani hakuna mwanaukoo aliyekuwa amekanyaga tangu mazishi ya Régine. Wageni hupokewa mbele. Nyuma kulikuwa kwake na jembe lake. Mimi nilimwomba mmoja wa baba wadogo akae dirishani. Akakaa bila shida, akatushangaa kwa nini tunamtazama. Veneranda hakungoja maelezo. Kwa mara ya kwanza nilimwona mwanamke wa mlimani akilima ameupa mlima mgongo, uso ukutani, akiutoa udongo badala ya kuuvuta. Alichimba mahali alipong'oa maharagi siku iliyotangulia. Udongo wa chini ulikuwa tope, na matofali yaliyotokea yalikuwa yanachuruzika. Kisha jembe likapiga kitu kigumu mbele kidogo, kando ya ukuta, likalia. Akapiga tena pembeni, likalia tena. Akainama akafagia kwa mkono. Ilikuwa safu ya matofali, imelazwa vizuri, imepakwa chokaa.

"Iyo ni kiti ya Régine," akasema Pelajia.

Akasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, sauti ndogo. Papa Gaspari alikuwa amejenga benchi ile ukutani ili Régine akae na kuuanika mguu wake kwenye jua la asubuhi, na alikuwa amesahau. Alidhani ilibomoka. Miezi ya kwanza ya msiba hakutaka kwenda nyuma, na alipotaka tena kulikuwa na mahindi. Pelajia akashuka ndani ya shimo na unene wake wote, akaupangusa ukingo kwa kitenge chake. "Tulikuwa namusuka nywele hapa. Alikuwa mufupi, miguu yake ilikuwa haifike chini, inaning'inia kama ya mutoto. Tulikuwa tunamucheka."

Baba mdogo aliyekaa dirishani akauliza polepole, "Kama kiti iko pale, basi chini iko wapi?"

Kila mmoja wao alikuwa amekaa kwenye benchi ile siku fulani, na kila mmoja alikuwa anatazama sasa juu, kwenye mteremko, na chini, kwenye shimo. Mama Veneranda alikuwa ameegemea jembe, akitweta. "Sikujua iko hapa," akamwambia Pelajia. "Ningejua nisingeifunika. Ningekaa."

Nilimtazama Pelajia nikitegemea maneno makali, kwa kuwa alikuwa ameshinda. Mke mpya alikuwa amekiri mbele ya wote. Lakini Pelajia hakuwa anamtazama Veneranda. Alikuwa anahesabu kitu kichwani. "Jiko yangu," akasema mwishowe. "Ile kona ya nyuma. Iko natoka maji tangu mwaka jana."

"Na kwako, dada," akauliza Mama Veneranda kwa upole sana, "ni nani analia?"

Baba mdogo alicheka mpaka akateleza kutoka dirishani. Pelajia alijaribu kukasirika, uso ukakataa, akacheka naye, tumbo likitikisika ndani ya shimo, na tulilazimika kumtoa watu watatu. "Kashebere," akaniambia nikimshika mkono, "kesho unakuya kwangu. Na usilete saruji yako."

Jambo la kumrudisha Veneranda kwao halikutajwa tena. Kasiksi ilimalizwa, na kabla ya kuondoka Pelajia alimpa Veneranda Furaha mikononi, mtoto aliyekuwa amembeba tangu asubuhi kama aliyekwisha kuwa wake.

Kazi yenyewe ilituchukua mwezi na zaidi. Tulichimba urefu wote wa ukuta mpaka chini ya sakafu, upana wa mtu mwenye kikapu kupita, tukaacha benchi imesimama kama zamani. Chini tulipanga mawe ya mtoni, makubwa kwanza, madogo juu, yakiinama kuelekea korongo la upande, kwa kuwa nilipovunja mawe Mubambiro nilikuwa nimeona nyumba zilizokaa juu ya mawe hazina habari ya unyevu. Juu ya mfereji tulipanda matete mstari mmoja, yashike udongo. Saruji yangu niliibandua mwenyewe, kwa nyundo, na sikutaka msaada. Udongo uliobaki ulikuwa mwingi, na hapo Mama Veneranda akakataa nisiutupe korongoni. "Ni shamba yangu iyo," akasema. "Ilishuka na miye, itapanda na miye." Akaupandisha kwa vikapu mpaka kwenye njia ya mbuzi, siku nyingi, na Pelajia alikuja siku mbili kumsaidia, wakigombana njia nzima juu na chini. Kiangazi kikaingia. Nikaanza kuchora upya, na safari hii mistari ilishuka. Ilipofika kwenye kidole cha mguu wangu, Papa Gaspari alipaka chokaa, na usiku ule Furaha hakukohoa. Wiki iliyofuata nyayo zikaanza kuniwasha. Mama Veneranda alinifungia mateke kwenye majani ya migomba, akanipakulia wa kwanza kwa mara ya mwisho.

Nimelala katika nyumba nyingi tangu mwaka ule na sikuwa na hata moja. Kila nilipoingia mahali nilizunguka kwanza nyuma, hata kabla ya kusalimu, na watu walinidhania mwizi. Lori la maharagi lilinishusha Lushebere alasiri. Mteremko wa chini ya nyumba siku hizi umejaa vibanda vya mahema, watu waliokimbia vita, na nilipokuwa napita niliona kila kibanda kimezungushiwa mfereji mdogo wenye mawe, unaoinama vizuri. Mwanamke mmoja aliyekuwa anausafisha wake aliniambia ni mama mmoja mzee wa pale juu aliyewafundisha, alikuwa anashuka na fimbo yake kila mvua ikianza, na asipoukuta mfereji anatukana. Nilimwambia namjua. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Nyumba imesimama palepale, mabati mapya, na Furaha, bibi sasa, alikuwa na watu wengi wa kuwahudumia mbele. Nikazunguka nyuma.

Benchi ya Régine ilikuwa pale, chokaa mpya. Mfereji ulikuwa safi, mawe yanaonekana. Kule juu, kwenye njia ya mbuzi, niliona vikapu viwili vimelazwa kifudifudi na udongo mbichi umemwagwa pembeni, kazi ya msimu huu. Alikuwa ameupandisha mpaka mwisho, au aliwaagiza wengine waupandishe. Nilikaa na kuuegemeza mgongo kwenye ukuta. Ulikuwa mkavu na wenye joto la jua. Nadhani nilisinzia kidogo. Kilichoniamsha ni ubao wa dirisha ukifunguliwa juu ya kichwa changu, na sauti ya Furaha ikiita, "Papa Kashebere? Uko huko? Chakula iko tayari, mama alituacha na agizo, muntu wa pori apewe wa kwanza."

Nikasimama nimwonyeshe nipo. Mgongo wangu haunyooki tena kama zamani, na kizingiti kile, ambacho siku moja nilikikalia kama kigoda, kilinifika kidevuni. Furaha akachungulia, akaniona, akaweka mkono mdomoni. Mama yake alikuwa amemsimulia, bila shaka, mara nyingi.

"Eee, Papa!" akasema. "Juu ya nini umekuwa mufupi?"

"Si miye," nikamwambia. "Ni udongo njo ulishuka."